Matabaka Matatu ya Zizi Namba Nne

Inspekta Nangiro alizuiwa kwenye lango la kambi ya karantini na mtu mwenye brashi.

"Viatu, afande," mtu huyo alisema. Jina lake Lochoro, mnyapara wa wapiga dawa, mrefu, amevaa aproni ya mpira iliyompiga magotini. Mbele yake kulikuwa na makarai mawili, moja la maji na jingine la dawa nyeupe, nzito kama uji wa hospitali.

Inspekta alikuwa na haraka. Aliinua buti la kulia ili alichovye moja kwa moja kwenye dawa. Lochoro akalidaka hewani, mguu ukiwa bado ndani, kama mtu anayedaka kwato ya punda mkorofi.

"Maji na brashi kwanza. Mavi yakibaki kwenye soli, dawa inapigana na mavi, haifiki kwa ugonjwa. Hata angekuja Mkuu wa Mkoa, ningemsugua."

Basi Inspekta wa Polisi, mwenye miaka kumi na tisa kazini na barua mbili za pongezi, alisimama juani kwa mguu mmoja kama korongo, akasuguliwa soli. Askari wawili waliokuwa langoni walijitahidi sana wasicheke. Mmoja alifaulu.

Kesi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Ilikuwa Februari 1981. Ng'ombe waliotoka kaskazini kwenda kuuzwa kusini walilazimika kukaa kambini hapo, nje ya mji wa Isiolo, kwa siku ishirini na moja. Mwezi wa Januari kundi lililokuwa zizi namba nne lilishikwa na ugonjwa wa midomo na kwato, likaondolewa. Zizi, ilivyoripotiwa, likasafishwa na kupigwa dawa kwa mpango ulioandikwa na Dakta Gedi, ofisa wa mifugo. Kisha wakaingizwa ng'ombe thelathini wa Abiba, mjane wa Biliqo, wote wakiwa wamepimwa na Dakta mwenyewe na kuonekana wazima. Siku ya tisa, wanyama tisa zizini walikuwa wakitoa udenda na kuchechemea. Na askari walipohesabu kundi zima, walipata ng'ombe thelathini na mmoja: palikuwa na ndama, naye akiwa mmoja wa wale tisa.

Dakta alisema jibu liko wazi: mjane amepenyeza ndama mgonjwa kutoka nje. Saa kumi alasiri Sajini Tadicha angewapiga risasi wale tisa, na hilo lilikwisha kuamuliwa. Ishirini na wawili waliobaki, pamoja na Abiba mwenyewe, walingoja ripoti ya Inspekta.

Saa ilikuwa tatu na robo asubuhi.

*

Mpango ulikuwa umetiwa fremu. Ulining'inia ukutani nyuma ya meza ya Dakta, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Ulikuwa na aya kumi na moja, zimepigwa taipu kwa wino mweusi na mwekundu.

"Anza aya ya tatu," alisema Dakta Gedi, akafumba macho kama anayesikiliza kaswida. Alikuwa mtu nadhifu. Koti lake jeupe lilipigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikawa kama visu.

Inspekta alisoma. Aya ya tatu: mavi yote yakwanguliwe mpaka saruji ionekane, kisha yachomwe. Ya nne: sakafu na nguzo zisuguliwe kwa maji na brashi. Ya tano: zizi liachwe likauke. Ya sita: lipigwe magadi yaliyochanganywa na chokaa, ili kila palipoguswa na dawa paonekane kwa weupe. Kando ya kila aya kulikuwa na tarehe na sahihi ya Dakta.

"Kila kitu kilifanyika?"

"Sahihi si hizo?"

"Sahihi naziona. Nauliza kama kilifanyika."

Dakta alifumbua macho. "Inspekta, makao makuu Nairobi wameomba nakala ya mpango huu. Wilaya nyingine zitaufuata. Kama una mashaka, uache mpango, angalia watu. Huyo Lochoro, kwa mfano. Alikabidhiwa magunia sita ya magadi. Yalikwenda wapi? Wewe si unawajua Waturkana na magadi. Wanayachanganya na tumbaku."

Inspekta Nangiro, Mturkana wa Lodwar kwa baba na kwa mama, alitoa kikopo mfukoni, akakifungua, akaweka tumbaku chini ya mdomo, akakifunga.

"Nimesikia hivyo," alisema, akatoka.

*

Abiba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya zizi namba nne, askari mmoja kila upande, kana kwamba angeweza kuibeba kambi kichwani akakimbia nayo. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mwembamba, leso imefungwa kichwani kwa kukazwa sana.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Ni wewe wa bunduki?"

"Mimi ni wa maswali."

"Basi uliza haraka. Wa bunduki amekuja mapema. Yule pale anakula mandazi."

Kweli, Sajini Tadicha alikuwa chini ya mgunga, bunduki ameiegemeza kwenye shina, anakula bila haraka yoyote.

"Ulileta ng'ombe wangapi?"

"Thelathini."

"Leo wako thelathini na mmoja."

"Wewe umeoa, afande?"

"Nimeoa."

"Na bado hujui vile inaendaga?"

Askari wa kushoto aliangalia mbingu. Inspekta aliandika kitu kwenye daftari ili apate pa kuweka macho.

"Alizaliwa hapa?"

"Usiku ya kwanza. Mama yake ni ile nyekundu ya pembe moja. Nilimwambia Dakta. Akasema mpango haina aya ya kuzaa."

Inspekta aliingia zizini. Ndama alikuwa amelala ubavuni mwa ng'ombe mwekundu, na hakuhitaji kushikiliwa. Hakuwa na nguvu ya kukimbia. Ulimi wake ulikuwa na vidonda vibichi, ngozi imechubuka. Alikuwa akitaka kunyonya, akigusa chuchu, akiacha. Ng'ombe alimlamba shingo bila kukoma, na udenda wa mama ukaungana na wa mtoto.

Inspekta alipiga goti, akapitisha mkono chini ya tumbo la ndama. Kitovu kilikuwa bado kinaning'inia, kikavu, cheusi, kimejisokota. Ndama wa siku tisa, labda nane. Kutoka Biliqo ni mwendo wa wiki nzima kwa miguu, na mjane hakuwa na lori. Aliandika: *Ndama ni mzaliwa wa karantini. Hakupenyezwa na mtu.*

Kisha akabaki amepiga goti. Kama ndama hakuuleta ugonjwa, basi aliukuta. Na humu ndani hakukuwa na kitu cha kukuta ila nguzo, hori la maji na sakafu.

Akaitazama sakafu.

*

"Nipe singe yako," alimwambia Sajini Tadicha.

"Ya nini, afande?"

"Nataka kukata mavi."

Tadicha aliacha kutafuna. "Hii singe ni mali ya serikali."

"Na mavi pia."

Inspekta alichagua kona ya nyuma, kando ya hori, mahali ambapo mgeni hafiki. Alikata mraba, upana wa daftari la shule, akapitisha singe chini kwa uangalifu, akalinyanyua pande hilo zima na kuliweka ndani ya karai. Kisha akaligeuza ubavu na kulitazama kwa heshima, kama bwana harusi anayetazama keki.

Juu kulikuwa na mavi laini, unene wa vidole viwili. Hayo yalikuwa ya siku tisa za ng'ombe wa Abiba. Katikati ulipita mstari mweupe, mwembamba kama ukucha, umenyooka kutoka upande hadi upande: magadi na chokaa. Na chini ya weupe kulikuwa na mavi mengine, vidole vinne, meusi, yameshikamana. Hayo yalikuwa ya kundi lililougua Januari.

Alitema mate kwenye saruji iliyobaki wazi, akaisugua kwa kidole gumba. Hakuna weupe. Dawa haikuwahi kuigusa sakafu. Ilipigwa juu ya mavi yenye ugonjwa, ikalala juu yake kama shuka safi juu ya godoro lililokojolewa, na kwato zikaitoboa hapa na pale.

Alikata kona ya pili, na ya tatu, na katikati. Kote ni vilevile. Na kote mstari mweupe ulikuwa mnene wa kutosha. Magunia sita ya magadi yalikuwa yamo humo humo. Hakuna aliyeyala na tumbaku.

"Umeona nini?" Abiba aliuliza kutoka kwenye ndoo yake.

"Nimeona kwamba hujaleta kitu, mama."

"Hiyo nilikuambia bure, bila kisu."

*

Alimkuta Lochoro langoni. Safari hii Inspekta aliinua buti mwenyewe kwenye karai la maji, bila kuambiwa, na Lochoro akaanza kusugua.

"Ejok, Lochoro," Inspekta alimsalimu kwa lugha yao.

"Ejok, afande."

"Asubuhi ulisema ungemsugua hata Mkuu wa Mkoa. Mtu wa namna hiyo hapigi dawa juu ya mavi kwa hiari yake. Nani alikuamuru?"

Brashi ilisimama.

"Nina watoto sita."

"Sijauliza watoto."

"Nikisema?"

"Utakuwa shahidi. Ukinyamaza utakuwa mshtakiwa, na nitamwambia huyo mama kwamba ulijua."

Lochoro alisugua buti moja mpaka likang'aa kabla ya kusema. "Ilikuwa Alhamisi. Simu ikapigwa kwamba mgeni mkubwa kutoka Nairobi anapita kesho yake asubuhi kuona mpango. Kukwangua zizi lile ni siku nne, na hatukuwa tumeanza. Dakta akasema mgeni haangalii chini, anaangalia rangi. Pigeni nyeupe leo, Jumamosi tutakwangua."

"Na Jumamosi?"

"Haikufika. Mgeni alifurahi sana, akapiga picha na ile fremu, akasema ng'ombe waingie wakati yeye yuko. Wakaingia Ijumaa hiyo hiyo. Nilimfuata Dakta nikamwambia, mkubwa, mavi iko chini. Akasema, 'Sasa hiyo ndiyo sakafu.'"

Inspekta aliyaandika yote, akamsomea, akampa kalamu. Lochoro aliweka sahihi polepole, herufi moja moja.

*

Saa tisa alasiri karai liliwekwa juu ya meza ya Dakta Gedi, juu ya barua ambayo wino wake ulikuwa bado haujakauka.

"Toa uchafu huo!"

"Ni sakafu yako," alisema Inspekta. "Hesabu matabaka."

Dakta aliangalia, akaangalia kando. "Tulipiga dawa mara ya pili ng'ombe wakiwa ndani. Weupe huo ni wa mara ya pili."

"Wangetoka humo wote ni pundamilia. Sikuona unyoya mmoja mweupe. Na weupe wa mara ya kwanza uko wapi? Saruji ni kavu na nyeusi. Lochoro ameandika maelezo. Ndama ana kitovu. Ugonjwa ulikuwa wako, Dakta. Ulimngoja yule mama chini ya chokaa."

Kisha Dakta Gedi akafanya jambo ambalo Inspekta hakulitarajia. Alitabasamu. Aliinuka, akaitoa fremu ukutani, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti na kumpa.

"Hukufika aya ya tisa."

Inspekta alisoma. *Ikithibitika kwamba ugonjwa umeletwa na mnyama aliyepenyezwa, wagonjwa wauawe, na wazima wamalize siku ishirini na moja katika zizi jingine, kisha warudishwe kwao. Ikithibitika kwamba ugonjwa umetoka katika zizi lisilosafishwa, wanyama wote waliolala humo wauawe bila kubakiza.*

Aliisoma mara ya pili, kwa matumaini kwamba ingebadilika.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nairobi wanapenda mpango mkali."

"Ibadilishe."

"Mkuu wa Wilaya ameshaweka sahihi. Nakala iko makao makuu." Dakta aliketi, akasogeza karai kwa kidole kimoja. "Peleka hii unakotaka. Mimi nitapoteza kazi, ni kweli. Yeye atapoteza thelathini na mmoja badala ya tisa. Sajini anangoja umpe hesabu, Inspekta. Kazi yako umeifanya vizuri mno."

*

Inspekta alimwambia Abiba mwenyewe, akiwa amesimama, kofia mkononi. Hakumficha neno. Abiba alisikiliza huku akiwaangalia ng'ombe.

"Hii ugonjwa kwetu tunaita oyale," alisema mwishowe. "Tunaosha mdomo na magadi na chumvi. Ng'ombe anakonda, anakaa mwezi moja, anapona. Ndama ndiyo hufa. Oyale nimeona mara tano, afande. Risasi nimeona mara moja, wakati wa vita ya shifta. Hakuna ng'ombe alipona."

"Mama…"

"Andika. Mimi Abiba nilipenyeza ndama."

"Ni uongo."

"Ni ng'ombe ishirini na mbili."

"Utafungwa miezi sita. Labda zaidi."

"Miezi inaisha."

"Amezaliwa hapa. Kitovu chake nimekishika kwa mkono huu."

"Basi futa mkono."

Askari wawili walijifanya wanaangalia barabara. Katika miaka kumi na tisa Inspekta Nangiro aliwahi kupokea maelezo mengi aliyoyashuku. Hiyo ni kazi ya kawaida. Hakuwa amewahi kuandika, neno kwa neno, maelezo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ametumia siku nzima kuyavunja. Alifungua ukurasa mpya.

"Nilimleta ndama kutoka Biliqo," Abiba alisema, "nimemficha chini ya nguo."

"Kwa gari gani?"

"Lori ya watu wa chumvi. Dereva simjui. Ongeza kwamba alikuwa mgonjwa na nilijua. Wasije wakauliza."

Aliongeza. Alimsomea. Abiba aliweka dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akaligandamiza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

"Umefanya busara," alisema Dakta Gedi, akinyoosha mkono kupokea karatasi.

Inspekta alimpa nakala. "Karai linakaa kwangu, limefungwa kwa lakiri. Na maelezo ya Lochoro pia. Mmoja wa wale ishirini na wawili akiguswa kabla hajarudi Biliqo, nitafungua vyote viwili mbele ya hakimu. Lochoro akiachishwa kazi, vilevile."

"Haina shida, haina shida."

"Sasa aya ya tatu."

"Aya ya tatu imefanya nini?"

"Mavi yote yakwanguliwe mpaka saruji ionekane. Haisemi yakwanguliwe na nani." Inspekta alimkabidhi sepetu. "Tuanze na wewe."

Saa kumi kasorobo wale ishirini na wawili walihamishiwa zizi namba saba, ambalo Inspekta alikuwa amelikagua kwa magoti na kucha. Dakta Gedi aliingia zizi namba nne na koti lake jeupe na viatu vyake vya ngozi. Lochoro alisimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili, akisoma kwa sauti ya karani wa mahakama. Wapiga dawa wote walikuja kutazama. Hakuna aliyewaita.

"'Mpaka saruji ionekane,'" Lochoro alisoma.

Dakta alikwangua, akahema, akanyanyuka.

"Hiyo bado ni mavi, Dakta."

Akainama tena.

Nyuma ya kambi, kwenye shimo lililochimbwa tangu jana, Sajini Tadicha alianza na aliyekuwa karibu naye zaidi, na aliyekuwa karibu alikuwa ndama. Mlio ulikuwa mdogo. Kilichofuata kilikuwa ng'ombe mwekundu akilia, sauti moja ndefu iliyopita juu ya mabati ya kambi, mpaka risasi ya pili ikaikata.

Abiba alikuwa amesimama kando ya Land Rover ya polisi. Alihesabu kwa Kiborana, midomo tu ikitembea. *Tokko. Lama. Sadi.* Ya nne ilichelewa; bunduki ilikwama, na Tadicha akasikika akiitukana. *Afur. Shan.* Kila moja ilipolia, Dakta Gedi alisimamisha sepetu, na kila aliposimamisha, Lochoro alianza aya upya. *Ja. Torba. Saddet.*

*Sagal.*

Midomo ya Abiba ilibaki wazi kwa namba iliyofuata. Moshi wa baruti ulipanda nyuma ya mabati. Vyuma vya bunduki vililia vikifunguliwa, na Tadicha akapiga mluzi kuwaita wenye petroli. Kumi haikuja.

Abiba alifunga mdomo. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Hakuna haja ya pingu, mama. Panda tu."

"Funga," alisema. Alikuwa akimwangalia Dakta, ambaye alikuwa ameinua kichwa zizini na kuwatazama, sepetu mkononi. "Mpenyeza ndama akipanda gari la polisi kama mgeni, watu wataanza kuuliza."

Inspekta alimfunga. Pingu zilikuwa kubwa kwa mikono ile, zikateleza hadi kwenye vifundo vya vidole.

"Kaza," alisema Abiba.

Akakaza mpaka jino la mwisho.